Miaka sita tunafufua behewa moja la mbao. Kilichotutesa siyo kutu, ni rangi

#1 MzeeWaRanda

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa treni za mvuke nilichomekea kwamba kila Jumamosi nipo karakana, tunakarabati mabehewa ya kale kwenye reli ya makumbusho, kazi ya kujitolea, hakuna mshahara. Tangu siku hiyo natumiwa maswali mpaka nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Basi namwaga yote hapa. Uzi ni mrefu, asiye na muda aweke alama arudi usiku.

Kwa asiyejua, reli ya makumbusho ni njia ya treni iliyokwisha kazi yake ya biashara, kisha wapenzi wakaiokoa na kuendesha juu yake treni za zamani. Mambo haya yalianzia Wales. Talyllyn ni reli nyembamba iliyofunguliwa miaka ya 1860 kubeba mawe ya kuezekea nyumba, na kufikia katikati ya karne iliyopita ilikuwa mahututi. Mwenye nayo alifariki mwaka 1950. Mwaka 1951 watu wa kujitolea wakaichukua, na hadi leo treni zinatembea. Hiyo ndiyo ya kwanza duniani kuokolewa namna hiyo. Mwaka 1960 zikafuata Middleton na Bluebell upande wa England, hizi zikiwa za upana wa kawaida, milimita 1,435, kisha zikachipuka nyingi huku na kule.

Mgeni akifika kwetu anakimbilia injini. Simlaumu. Injini inahema, inapiga honi, inatoa moshi, ina mashabiki wanaojua namba zake kwa kichwa. Behewa limesimama tu pembeni kama mkokoteni. Lakini abiria hakai juu ya bomba la moshi, anakaa kwenye behewa. Na behewa la mbao ukiliacha mvuani miaka kumi, injini iliyo jirani yake itakuwa imeshika kutu tu, lenyewe limeshakuwa mbolea.

La kwetu ni la enzi za Malkia Victoria. Magurudumu sita, vyumba vitano visivyo na njia ya kupita kutoka kimoja kwenda kingine, kila chumba kina mlango kulia na mlango kushoto. Piga hesabu, milango kumi. Lilipostaafishwa waliling'oa chesisi wakauza kiwiliwili peke yake, na mnunuzi akalifanya kibanda cha bustanini. Mengi yaliuzwa hivyo zamani hizo. Mengine yakawa nyumba za mapumziko, mengine mabanda ya kuku. Huyu wetu alilijengea paa la mabati juu ya paa lake. Hatumjui jina wala sura, ila bila mabati yake nisingekuwa na cha kuandika hapa. Chesisi tuliipata kwenye behewa la vifurushi la miaka ya baadaye, ikakatwa na kuchomelewa upya ilingane urefu. Hilo sitalisimulia, lilikwenda vizuri, na jambo lililokwenda vizuri halina stori.

Niwaonyeshe mlango mmoja, maana humo ndimo nilimoielewa kazi hii.

Dirisha la mlango wa behewa la zamani halifunguki kwa nje. Unavuta mkanda wa ngozi, fremu ya kioo inanyanyuka kidogo na kutoka kwenye ukingo wake, kisha unailegeza taratibu inazama ndani ya tumbo la mlango. Mkanda una matundu kama wa suruali. Unachagua tundu unalipachika kwenye kijiti cha shaba, dirisha linabaki kimo unachotaka. Ni ufundi mtamu sana. Shida ni kwamba panapopita kioo na mvua inapita. Mafundi wa wakati ule walilijua hilo, ndiyo maana chini kabisa, kwenye ubao wa kitako cha mlango, walitoboa tundu la kutolea maji. Dogo, linaingia kidole cha mtoto.

Tulipofungua mlango wa tatu, kile kitako kilibaki mkononi mwangu kama mkate uliolowa. Nguzo mbili za pembeni zilikuwa zimeoza shubiri nzima kutoka chini. Kuanzia hapo kwenda juu, mbao nzima kabisa, ukiipiga randa inanukia kama imeangushwa jana. Nikatafuta tundu la maji. Hakuna. Nikakwangua kwa ncha ya kisu, nikakwangua tena, nikakuta rangi imejaa humo tabaka juu ya tabaka, ngumu kama kizibo. Kila aliyelipendezesha behewa lile alipitisha brashi chini ya mlango, akarudi nyuma hatua mbili akaona kazi safi, akaenda zake. Maji yakabaki ndani.

Kati ya milango kumi, saba ilikuwa na hadithi hiyohiyo.

Na sisi, wenye akili zetu, tukaja kufanya upuuzi wa jamii ileile. Mwaka wa pili kulikuwa na siku ya wageni, wachangiaji wakataka kuona michango yao imefanya nini. Tukapiga upande mmoja rangi na vanishi. Ukang'aa, watu wakapiga picha, mwenyekiti akafurahi. Ndani hatujagusa. Mwaka uliofuata ule unyevunyevu ukaanza kutafuta pa kutokea: malengelenge chini ya kila dirisha, ukibonyeza kwa dole gumba maji yanachuruzika. Tulikwangua upande mzima, Jumamosi za miezi minne. Tangu hapo, kwetu ukitaja rangi kabla hujaulizwa, unapewa ufagio.

Ulizeni, nitakuwa napita.

#2 KaaChonjo

Nimevuta kiti mkuu. Hapo kwenye kidole cha mtoto nimeshaenda kuangalia matundu ya fremu za madirisha yangu. Mawili yamezibwa. Asante kwa kunipa kazi.

#3 Mpita_Njia

Mzee wangu, kwa heshima zote, mimi naona mnajichosha. Mnatoa mbao mbovu mnaweka mpya, chesisi mmetoa kwingine, paa nalo sijui, viti sijui. Mkimaliza hilo ni behewa jipya lenye cheti cha kuzaliwa cha marehemu. Si bora mngejenga jipya mwaka mmoja mkaendelea na maisha?

#4 MzeeWaRanda

@Mpita_Njia swali zuri na wala halinikwazi, karakana tunaligombania kila wiki.

Kwanza hatutoi ubao kwa sababu umeoza ncha. Tunakata sehemu mbovu tu mpaka tukutane na mbao nzima, halafu tunaunga kipande kipya kwa mkato wa mshazari, urefu wake angalau mara sita ya unene, ili gundi ipate uso mpana wa kushika. Kipande kipya lazima kiwe cha jamii ileile ya mti, nyuzi zake zielekee upande uleule. Kisha tunakipiga muhuri wa mwaka sehemu isiyoonekana. Atakayekuja miaka hamsini mbele ajue kipi cha mafundi wa kwanza na kipi cha kwetu, asije akatusingizia sifa wala akawasingizia wao makosa yetu. Kwenye milango kumi, miwili tu ndiyo mipya yote. Ule wa tatu niliousimulia, robo tatu yake ni yenyewe.

Pili, na hapa ndipo tunapoachana mimi na wewe: mbao za zamani zina habari. Kila mlango una namba iliyogongwa kwa chuma ubavuni, na namba hiyohiyo imegongwa kwenye nguzo yake, kwa sababu ulichongwa kwa ajili ya pengo lile moja tu. Ukiupeleka pengo la jirani haufungi. Nyuma ya paneli tumekuta mistari ya penseli ya fundi akipima, na sehemu moja hesabu ya kujumlisha aliyoikosea, akaifuta kwa kidole chenye vumbi. Alama ya kidole ipo. Kwenye kuta za ndani kuna vivuli vya vitu vilivyong'olewa, hivyo tukajua rafu ya mizigo ilikaa kimo gani bila mchoro wowote. Ndani ya matumbo ya milango ndiyo usiseme: pini za nywele, vipisi vya tiketi, kitufe, jino la kitana. Vyote vilidondoka pale dirisha linaposhukia. Ungejenga jipya ungevipata wapi?

Rangi zenyewe ni kitabu. Unasugua kwa msasa laini doa dogo la ukubwa wa sarafu, ukizidisha kina kuelekea katikati. Matabaka yanatokea kama pete za mti, la juu kabisa liko pembeni, la kwanza kabisa liko katikati. Letu lilikuwa na pete kumi na moja.

Kwenye viti nakupa haki yako. Vile ni vipya tupu isipokuwa spring. Kitambaa cha zamani kilishaliwa na nondo, na manyoya ya farasi yaliyokuwa yamejazwa ndani panya waliyafanya makazi yao.

#5 BintiBafa

Shikamoo Mzee wa Randa. Wewe na mbao zako, mtu akisoma atadhani behewa linatembea kwa vanishi.

Mimi nipo kikundi kingine, upande wa chini: magurudumu, spring, breki, na bafa, yaani vile vizuizi vya mwisho wa behewa vinavyopokea mgongano. Wanajukwaa naomba mjue kwamba hata liwe limerembwa namna gani, chini kusipopita ukaguzi halitoki yadi.

Mabehewa ya umri huo hayana beringi za golori. Ncha ya ekseli inazunguka chini ya kipande cha shaba ngumu kilichofunikwa kwa ndani madini laini meupe, ambayo kwa sehemu kubwa ni bati lililochanganywa na antimoni na shaba. Chini ya ncha kuna pedi iliyolowa oili inayoilamba ekseli muda wote inapozunguka. Yale madini yamewekwa laini makusudi. Mambo yakiharibika yayeyuke yenyewe, ekseli isalimike.

Behewa likisimama miaka mingi, maji yanaingia kwenye boksi la ekseli. Sasa oili inaelea juu ya maji, si ndiyo? Kwa hiyo fundi mwenye haraka anafungua kifuniko, anaona oili inang'aa, anafunga anakwenda. Chini yake pedi imekaa kwenye maji, na ndicho inachokipaka kwenye ekseli. Tuliwahi kufanya kosa hilo kwenye behewa moja la makaa. Kwenye safari ya majaribio, hata kilomita tatu hatujafika, nikasikia harufu kama ya sufuria iliyosahaulika jikoni. Tukasimamisha. Niliposogeza kiganja karibu na boksi sikuhitaji kuligusa. Sasa hivi kila boksi tunalinyonya mpaka chini kwa bomba, hata kama oili ya juu ni mpya ya jana.

Magurudumu tunayagonga kwa nyundo. Zima linalia kama kengele, lenye ufa au lililolegea tairi (ile pete ya chuma ya nje) linatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Ekseli zenyewe hatuziachii masikio, anakuja mtaalamu na mashine ya mawimbi ya sauti kutafuta nyufa za ndani.

Breki nitazisimulia nikitoka kazini.

#6 MzeeWaRanda

Marahaba binti. Mbao bila wewe ni kabati.

#7 BintiBafa

Nimerudi. Breki.

Nyingi za kwetu ni za ombwe. Injini inanyonya hewa kwenye bomba linalopita treni nzima, kipimo kinasoma inchi 21 za zebaki (kampuni ya reli ya Great Western walikuwa na 25 yao, wabishi wale), na hapo breki zinakuwa zimelegea. Ukitaka kusimama unaruhusu hewa irudi bombani. Inasukuma pistoni chini ya kila behewa na breki zinakaba. Mmeona ujanja ulipo? Treni ikikatika katikati, mpira wa kuunganisha unachomoka, hewa inaingia yenyewe, vipande vyote viwili vinasimama bila mtu kugusa kitu.

Haikuwa hivyo zamani. Tarehe 12 Juni 1889 huko Armagh, Ireland, treni ya matembezi ya watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao ilikwama mlimani. Wakaigawa ili injini ipande na nusu kwanza. Breki yake ilikuwa ya ombwe pia, ila ya aina ya kizamani inayofanya kazi ikiwa tu bomba limeunganishwa na injini. Mabehewa ya nyuma yakateremka peke yake yakakutana na treni iliyokuwa inapanda. Watu 80 walikufa, watoto wengi wakiwemo. Mwaka huohuo sheria ikapitishwa: kila treni ya abiria iwe na breki inayopita treni nzima na inayojifunga yenyewe. Kwa hiyo mtu akiniambia pete ya mpira kwenye silinda inavuja kidogo tu, tuiache hadi msimu ujao, huwa simjibu. Naenda kuleta spana.

#8 Mama_Wawili

Hapo umenitisha dada. Nilikuwa nimepanga kuwapeleka wanangu kupanda treni kama hiyo. Behewa la mbao kabisa, na injini mbele inatema cheche, ni salama kweli?

#9 BintiBafa

@Mama_Wawili wapeleke mama. Nyingi ya reli hizi kwa Uingereza hazizidi maili 25 kwa saa, kilomita 40 hivi, na kila behewa lina karatasi zake za ukaguzi.

Moto uliokuwa unaua watu ulichochewa zaidi na gesi. Mabehewa ya kale yaliwashwa taa za gesi, mitungi ikiwa imefungwa chini ya sakafu. Tarehe 22 Mei 1915 huko Quintinshill, Scotland, treni ziligongana, gesi ikashika, mabehewa ya mbao yakateketea na watu zaidi ya 200 kufa, wengi wao wanajeshi. Siku hizi hakuna anayerudisha gesi, hata mpenda uasilia wa kupindukia. Taa unazoziona zina sura ya gesi, ndani ni umeme wa betri.

#10 MzeeWaRanda

Niongezee hapohapo, hatari siku hizi ziko zaidi kwa sisi mafundi kuliko kwa abiria.

Rangi za zamani zina risasi, madini yale. Hatusugui kikavu, tunalowesha. Barakoa yenye kichujio chake, nguo za kazi hazirudi nyumbani, mikono inanawa kabla hujashika kitu cha kwenda mdomoni. Mabehewa ya chuma ya miaka ya 1950 nayo yana asbestosi iliyopulizwa kwenye kuta kuzuia joto na kelele. Huko mtu wa kujitolea hagusi, wanakuja wenye leseni na mahema yao.

Halafu kuna hili la matambara, wengi hawaliamini mpaka walione. Tunatumia mafuta ya kitani kwenye mbao. Tambara lililolowa mafuta hayo ukilifinyanga na kulitupa kwenye pipa, linaanza kupata joto lenyewe, kwa sababu mafuta yanapokauka yanakutana na hewa na kutoa joto, na joto likikosa pa kwenda linajikusanya. Jumamosi moja tulifungua karakana tukakuta pipa la plastiki limeyeyuka upande mmoja na sakafu ina duara jeusi. Hatua mbili kutoka hapo palikuwa na milango minne imeegemezwa ukutani. Sikuongea na mtu kwa nusu saa. Sasa kuna ndoo ya chuma yenye maji na kifuniko, na tambara lisilo kwenye ndoo linaanikwa limekunjuliwa kama nguo.

#11 Kalamu_na_Leja

Habari wakuu. Mimi ni mhasibu, sijawahi kushika hata randa. Nikienda kwenye kikundi kama hicho si nitakuwa mzigo? Nimesoma uzi huu mara mbili tangu asubuhi.

#12 MzeeWaRanda

@Kalamu_na_Leja mhasibu tunakulilia, vitabu vyetu vya michango vinatia huruma. Lakini usije ukakimbilia kujificha ofisini.

Mgeni kwetu anaanza na skrubu. Usicheke. Behewa lina maelfu, nyingi za shaba, za mfereji mmoja, na mfereji umejaa rangi. Unachukua kipande cha msumeno wa chuma kilichovunjika, unakwangua mfereji mpaka uone shaba tupu mwisho hadi mwisho. Unatafuta bisibisi inayojaza mfereji ule, isiwe nyembamba wala fupi. Unaegemea kwa uzito wa bega. Halafu, hapa ndipo wageni wanaponishangaa, unaikaza kwanza. Kidogo tu, mpaka usikie tik. Hiyo ni kutu na vanishi ya zamani vimeachia. Baada ya hapo ndipo unafungua. Ikigoma, unaweka ncha ya pasi ya kulehemu juu ya kichwa chake dakika kadhaa, unaacha ipoe, unarudia.

Ukifanya kwa hasira kichwa kinakatika, na skrubu moja iliyokatika kichwa ni saa nzima ya kuichimba, tena unaweza kuipasua mbao iliyokuwa imepona miaka mia na ushee. Kwa hiyo mtu anayetulia na kuhesabu vitu vidogo siku nzima bila kupaza sauti tunamwita nani? Mhasibu.

#13 KaaChonjo

😂😂 Hapo umemkamata.

#14 Mpita_Njia

Nimerudi, ila msidhani nimebadili msimamo. Nina swali moja tu linaniwasha. Zile pete kumi na moja za rangi: mtachagua ipi? Maana kila moja ilikuwa sahihi wakati wake. Hata ukijani wa kibanda cha bustanini ni historia.

#15 MzeeWaRanda

Mpita Njia ungekuja kikaoni kwetu, ungetufaa. Hilo lilitugawa karibu tupigane. Mmoja wetu alisimama kabisa kuutetea ukijani wa kibanda, na hoja zake zilikuwa nzito.

Kilichoamua ni mlango wa tano. Tulipokwangua chini ya kijani, chini ya kahawia mbili, ikatokea tarakimu 3 ya dhahabu, imezungushiwa kivuli chembamba cheusi. Daraja la tatu. Halafu tulipoingia ndani zaidi, chini ya ile 3 ikatokea 2. Mlango uleule! Abiria hakuhama, kiti hakikuhama, daraja limebadilika.

Maelezo yake ni haya. Mwanzoni kulikuwa na madaraja matatu. Mwaka 1875 kampuni ya reli ya Midland ikafuta daraja la pili, abiria wa la tatu wakapewa viti vilivyo bora, na wapinzani wake wakalaani halafu mmoja baada ya mwingine wakafuata. Ndiyo maana kwa miaka mingi Uingereza kulikuwa na la kwanza na la tatu, katikati hakuna kitu, hadi mwaka 1956 la tatu lilipobadilishwa jina likaitwa la pili. Kwa hiyo mlango wetu umeshuhudia kampuni yake ikinyanyua mikono. Tukakubaliana behewa lirudi kwenye tabaka la ile 3, ila kwenye mlango wa tano tutaacha kidirisha kidogo bila kupaka, pete zote kumi na moja zionekane, na kijani kikiwemo.

Paa nalo niliseme, maana umeliulizia kule juu. Ni mbao nyembamba zilizoshikana ulimi kwa mfereji, juu yake turubai la pamba. Unapaka rangi nzito, unalaza turubai ikiwa bichi, watu wanne wanavuta kila upande lisibaki kunjo, unagongea vimisumari ukingoni, halafu unapaka tena na tena. Kunjo moja ukiliacha ndilo litakalovuja. La kwetu tulilaza mara mbili. Ya kwanza upepo uliingia chini yake tukiwa tumeshika pembe, tukaonekana kama wavuvi.

#16 Mama_Wawili

Wanangu wanauliza kama wataruhusiwa kuvuta mkanda wa dirisha.

#17 BintiBafa

Wavute, ila taratibu mama. Kioo kikiachiwa ghafla kinashuka kama jiwe, na Mzee wa Randa atakisikia popote alipo.

#18 Kalamu_na_Leja

Wiki tano baadaye, narudi kutoa taarifa.

Nilitafuta kikundi kilicho karibu nami, na bahati ikawa ndicho cha Mzee wa Randa mwenyewe. Jumamosi ya kwanza, skrubu 64. Nilivunja vichwa viwili. Hakuna aliyenigombeza, walinipa tu keekee na kiti. Jumamosi ya tatu nilifungua skrubu 90 bila kuvunja hata moja, na ile tik sasa naisikia mpaka usingizini.

Jana walikuwa wanarudisha mlango wa tatu, ule wa kwenye post ya kwanza. Kitako kipya, nguzo zimeungwa mshazari, ukipitisha kiganja hukihisi kiungo lakini ukiinama unakiona. Mlango umelazwa kwenye farasi za seremala, ukasimamishwa, watu wameuzunguka. Mzee akanipa kopo la maji, akaniambia mimina pale kioo kinaposhukia. Nikadhani ni mizaha ya kumkaribisha mgeni. Nikamwangalia binti wa magurudumu aliyekuja kutembelea, hacheki. Nikamimina kopo zima.

Kimya. Nikachuchumaa kuangalia chini. Hakuna kitu. Mzee naye akachuchumaa, magoti yakamlia. Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo, nilifika tisa. Tone moja. Likaning'inia, likaanguka. Halafu ukaja mchirizi, ukanimwagikia wote kwenye kiatu.

#19 BintiBafa

Nathibitisha. Alivaa viatu vya ofisini.

#20 MzeeWaRanda

Milango sita imeshapita kipimo cha kopo, minne bado. Tundu tumelipanua kidogo kuliko la zamani na tumelipiga mafuta ndani badala ya rangi. Muhuri wa mwaka upo kwenye kitako, upande wa bawaba.

#21 Kalamu_na_Leja

Mzee, hiyo minne ikipita, tunaanza rangi lini?

#22 MzeeWaRanda

Ufagio uko nyuma ya benchi la randa.